UZI: Gesi ikipatikana Pemba, gharama ya akiba inayopungua tutaihesabu vipi?

Mdau_Wete
Assalaam alaykum wanajukwaa. Kila tukizungumza mafuta na gesi hapa Visiwani, mazungumzo yanaishia kwenye swali moja: tutapata kiasi gani? Uzi huu naomba tushughulikie swali la upande wa pili. Kila mwaka wa kuchimba, nchi inakuwa imepoteza kiasi gani cha mali yake?

Sheria yetu ya mafuta na gesi ilipita 2016. Mkataba wa kitalu cha Pemba–Zanzibar ukasainiwa na kampuni ya RAK Gas 2018, na 2024 vitalu vyengine vya baharini vikatangazwa kwa wawekezaji. Kisima kinachozalisha hatuna, na ndiyo maana naona huu ni wakati mzuri wa kuuliza. Wenye ujuzi wa hesabu za taifa, tuwekeeni hatua na namba.

Hesabu_za_Taifa
Waalaykum salaam, na ahsante kwa kulianzisha.

Pato la Taifa lina upofu mmoja. Mtambo wa kampuni ukichakaa, uchakavu wake unatolewa ili kupata pato halisi. Gesi iliyo chini ya mtambo huohuo ikipungua, hakitolewi kitu. Kwa hiyo nchi inayochimba haraka inaonekana inakua haraka, hata kama fedha yote imeliwa. Mkulima wa Pemba anaijua tofauti hii vizuri: kuuza karafuu ni pato, kuukata mkarafuu ukauza kuni ni kuuza mali. Gesi haina msimu wa pili. Kila futi ya ujazo inayotoka, sehemu ya bei yake ni mkarafuu wenyewe.

Mfumo wa kimataifa wa hesabu za taifa wa 2008 uliiandika gharama hii pembeni, kwenye akaunti ya mabadiliko mengine ya mali, mahali ambapo hakuna waziri wala mwandishi wa habari anayepaangalia. Toleo la 2025 limeihamisha: kupungua kwa akiba sasa ni gharama ya uzalishaji, na inatolewa moja kwa moja kwenye pato halisi. Hesabu za mazingira, yaani SEEA, zilikuwa zimeshakwenda njia hiyo tangu 2012. Kwa Zanzibar, Pato la Taifa linakusanywa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, kwa hiyo jedwali hili litakuwa lao.

Nachukua kitalu cha mfano. Namba ni za kubuni, nimezichagua ziwe rahisi kufuatilia.

Akiba inayochimbika ni futi za ujazo trilioni 1. Uzalishaji ni bilioni 50 kwa mwaka, basi umri ni miaka 20. Bei mdomoni mwa kisima ni dola 4 kwa kila futi 1,000. Mapato ya mwaka yanakuwa dola milioni 200. Kemikali, vipuri, meli za huduma, helikopta na bima ni milioni 40. Mishahara ni milioni 10. Inabaki milioni 150.

Hapa wengi husimama, wakaiita 150 faida ya nchi. Bado mtaji haujalipwa. Visima, jukwaa la baharini na bomba vimegharimu milioni 800, na mwekezaji anataka arejeshewe fedha yake pamoja na asilimia 8. Kwenye Excel andika =PMT(0.08,20,-800), utapata milioni 81.5 kwa mwaka. Toa kwenye 150, inabaki milioni 68.5. Hiyo ndiyo ziada ya rasilimali: kinachobaki baada ya kila aliyeleta jasho, kifaa au mtaji kulipwa haki yake. Ni sawa na dola 1.37 kwa kila futi 1,000, si dola 4.

Tahadhari moja kubwa. Mrabaha (malipo ya mwenye rasilimali kwa kila kinachochimbwa) na sehemu ya serikali kwenye mkataba wa mgawanyo wa uzalishaji HAVITOLEWI katika hatua hii. Hivyo ni namna ya kuigawa ziada. Ukivitoa kama gharama, unaifuta ziada kabla hujaiona. Kosa hili hutokea kwa sababu vitabu vya kampuni vinauandika mrabaha kwenye upande wa gharama, na anayekusanya takwimu ananakili mstari kwa mstari.

Bi_Mizania
Shukran mwalimu. Sasa hiyo milioni 68.5 ndiyo gharama ya kupungua kwa akiba? Au ni sehemu yake tu?

Hesabu_za_Taifa
Bi Mizania, umegusa penyewe. Kitalu kilekile, mwaka uleule, kinatoa majibu manne kulingana na njia.

Njia ya bei halisi inasema gharama ni ziada yote, 68.5. Msingi wake ni hoja ya Hotelling ya 1931, kwamba ziada kwa kila kipimo hupanda kwa kasi ya riba, hivyo futi iliyobaki ardhini haipotezi thamani kwa kusubiri. Ni njia nyepesi, inataka ziada ya mwaka mmoja tu. Shida ni kwamba bei za mafuta na gesi hazitembei kwa utulivu huo.

Njia ya Benki ya Dunia, inayotumika kwenye kipimo chake cha kiasi ambacho nchi inaweka akiba kweli (adjusted net savings), inachukua thamani ya sasa ya ziada zote zijazo kwa asilimia 4, kisha inagawa kwa miaka iliyobaki. =PV(0.04,20,-68.5) inatoa milioni 930.9. Gawa kwa 20: milioni 46.5. Kwa miaka mingi walikuwa wanaukata umri kwenye 25, kwa hiyo ukikutana na takwimu za zamani za nchi yenye akiba ya miaka 60, kumbuka hilo.

Njia ya SEEA inalinganisha thamani ya akiba mwanzo na mwisho wa mwaka. Mwanzo ni 930.9. Mwaka ukipita imebaki miaka 19, =PV(0.04,19,-68.5) inatoa 899.7. Tofauti ni takriban milioni 31.3.

Ya nne ni ya Salah El Serafy, aliyekuwa mchumi wa Benki ya Dunia, ya 1989. Gharama ni ziada gawa kwa (1+r) kipeo n+1, r ikiwa ndiyo hiyo asilimia 4 na n miaka iliyobaki: 68.5 gawa kwa 1.04 kipeo 21, inatoa 30.1. Kwa nini haifanani kabisa na 31.3? Ni suala la tarehe tu. Kanuni yake inachukulia fedha inaingia mwanzo wa mwaka, hesabu ya juu inachukulia mwisho wa mwaka. Ukitumia kipeo 20 zinakutana.

Mimi nasimama na hizi mbili za mwisho, kwa sababu zinaweza kupimwa kwa vitendo. Weka milioni 31.26 kila mwisho wa mwaka kwa asilimia 4, usiguse riba. Baada ya miaka 20 mfuko una milioni 930.9, thamani ileile ya gesi ya siku ya kwanza. Riba yake ni milioni 37.2 kwa mwaka, na 68.5 kutoa 31.3 ni 37.2. Maana yake nchi ingeweza kula 37.2 tangu mwanzo na ikaendelea kula 37.2 gesi ikishakwisha. Chochote juu ya hapo ni kula mtaji.

Mchambuzi_Chake
Naongeza jambo hapo kwa wanaotaka kuandaa jedwali la miaka yote. Gharama ya SEEA haikai mahali pamoja hata ziada ikiwa ileile. Inapanda kwa asilimia 4 kila mwaka: 31.3 mwaka wa kwanza, 32.5 wa pili, mpaka 65.9 mwaka wa 20. Nimeona majedwali ambapo namba ya mwaka wa kwanza imenakiliwa chini mpaka mwisho. Jumla ya gharama zote lazima irudi kuwa 930.9. Isiporudi, kuna seli imekosewa.

Halafu kiwango cha punguzo, yaani ile asilimia 4 ya kuileta thamani ya kesho kwa leo. Hapa ndipo siasa inapoingilia hesabu, na naomba tuwe macho. Kitalu kilekile kwa asilimia 3 gharama ya mwaka wa kwanza ni 37.9. Kwa asilimia 10 inashuka mpaka 10.2. Anayetaka nchi ionekane haipotezi kitu, atapandisha kiwango. Kwa hiyo kiwango kiandikwe hadharani kabla hesabu haijaanza, na jedwali litoke na viwango viwili au vitatu sambamba.

Pia musichanganye asilimia 8 na asilimia 4. Ya kwanza ni malipo ya mwekezaji kwa kuhatarisha fedha yake, ya pili ni jinsi jamii inavyopima leo na kesho. Na zote ziwe za aina moja: ukitumia bei zisizo na mfumuko, riba nayo iwe imeondolewa mfumuko. Kuchukua riba ya benki yenye mfumuko ndani yake ukaitumia kwenye bei za kudumu ni kuipunguza gharama kimyakimya.

Kisima_Kirefu
Wachumi mumeshughulika na r, niruhusuni niseme kuhusu n, maana jedwali zima linasimama juu yake na ndiyo namba inayokosewa zaidi.

Mfano ulio karibu nasi: Tanzania inatajwa kuwa na gesi futi za ujazo trilioni 57 na ushei. Hiyo ni gesi iliyopo ardhini. Si yote inatoka. Sehemu kubwa iko bahari ya kina kirefu kusini, inasubiri mradi wa LNG (gesi iliyogeuzwa kimiminika) wa Lindi ambao haujajengwa. Kwa mpangilio wa SEEA, gesi isiyo na mradi unaolipa haiingii daraja A, daraja la akiba inayochimbika kibiashara. Inakaa daraja B au C na haipewi thamani ya fedha. Mtu akichukua trilioni 57 akagawa kwa uzalishaji wa sasa wa viwanja vya gesi vya Songo Songo na Mnazi Bay, atapata umri mrefu mno. Na n kubwa maana yake gharama inakaribia sifuri. Ataandika kwamba nchi haipotezi kitu, wakati Songo Songo, iliyogunduliwa 1974 na kuzalisha tangu 2004, inashuka shinikizo kama uwanja wowote wa gesi.

Kwa hiyo hesabu kila uwanja peke yake. Chukua akiba iliyothibitishwa pamoja na inayotarajiwa, gawa kwa ratiba ya uzalishaji ya uwanja huo, si ya nchi nzima.

Ratiba nayo si mstari ulionyooka. Uwanja wa gesi hupanda miaka michache, hukaa juu, halafu hushuka na kuacha mkia mrefu. Umri wa miaka 20 kwa karatasi unaweza kuwa miaka 12 ya uzalishaji kamili na miaka 15 ya mkia. Weka ratiba hiyo mwaka kwa mwaka na utumie NPV, inayopokea kiasi tofauti kila mwaka, badala ya PV.

Na kwa Pemba tuwe waangalifu na maneno. Michirizi ya mafuta ya Tundaua inajulikana, na visima vya Zanzibar-1 na Pemba-5 vilichimbwa miaka ya 1950 na 1960 bila kupatikana mafuta ya kibiashara. Dalili ya mafuta si akiba. Mpaka kisima kithibitishe na mpango wa uendelezaji ukubaliwe, mstari wa akiba kwenye jedwali letu unasomeka sifuri, na gharama ya kupungua ni sifuri.

Mdau_Wete
Na ikigunduliwa akiba mpya katikati ya safari? Mwaka huo nchi inakuwa imepata pato?

Hesabu_za_Taifa
Hapana, na Indonesia ndiyo funzo. Robert Repetto na wenzake walizirekebisha hesabu za nchi hiyo kwa mafuta, misitu na udongo wa Java. Ukuaji wa wastani wa 1971 hadi 1984 ukashuka kutoka asilimia 7.1 hadi 4.0. Kazi ile iliwafumbua macho wengi. Lakini waliuingiza ugunduzi mpya kama pato la mwaka, na mwaka 1974 pato halisi likaruka juu ya Pato la Taifa lenyewe. Mtu anaona mstari unapaa na hakuna aliyezalisha chochote.

Siku hizi mambo matatu yanatengwa. Kilichochimbwa kinaandikwa kama kupungua kwa akiba. Ugunduzi na marekebisho ya makadirio yanakwenda kwenye mstari wa mabadiliko ya ujazo. Kupanda au kushuka kwa bei kunakwenda kwenye mstari wa mabadiliko ya thamani. Ukiyachanganya, mwaka ambao bei imeporomoka utaonekana ni mwaka ambao nchi imechimba sana.

Mchambuzi_Chake
Bei inastahili post yake. Kwenye kitalu cha mfano, bei ikitoka dola 4 ikaja 3, imeshuka robo. Ziada inatoka 68.5 inakuja 18.5, karibu robo tatu imepotea, kwa sababu gharama za mtaji na uendeshaji hazishuki pamoja na bei. Chini ya dola 2.63 ziada inakuwa hasi, na akiba hiyo inaandikwa thamani sifuri ingawa gesi bado inatoka. Ndiyo maana wengi hutumia wastani wa bei wa miaka kadhaa, mara nyingi mitano, badala ya bei ya mwaka mmoja.

Gesi ina jambo lake zaidi. Haina bei moja ya dunia kama mafuta ghafi. Ikiuzwa kwa kiwanda cha umeme kwa bei nafuu iliyopangwa na mkataba, ziada kwenye vitabu inaonekana ndogo. Thamani haikutoweka, imehamia kwa mnunuzi. Ni vizuri jedwali liwe na safu ya bei ya mkataba na safu ya bei ambayo gesi hiyo ingeuzwa bila punguzo, ili ruzuku ionekane.

Binti_Mkoani
Samahani kaka zangu, swali la mtumiaji. Umeme wetu Unguja na Pemba unakuja kwa nyaya za chini ya bahari kutoka bara, na sehemu yake inatokana na gesi. Kupungua kwa gesi hiyo tunaandika sisi au wao?

Hesabu_za_Taifa
Dada, inaandikwa inakochimbwa. Gesi ya Songo Songo ni mali ya upande wa bara, na kupungua kwake ni gharama kwenye hesabu za bara. Sisi tunaandika umeme kama bidhaa tuliyonunua, na bei yake ndiyo gharama yetu. Kuiandika mara mbili ni kosa, na ni rahisi kulifanya kwa sababu NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) inatoa pato la Tanzania Bara na sisi tunatoa la kwetu.

Swali lako linafungua jengine la umiliki. Kampuni ya nje ikichimba Pemba, uzalishaji wote unaingia kwenye Pato la Taifa la Zanzibar, lakini faida yake inaondoka. Tuseme katika ile 68.5, serikali inapata asilimia 60 kwa mrabaha, mgao na kodi: milioni 41.1. Gharama ya kupungua nayo inagawanywa kwa uwiano wa nani anafaidi ziada. Kwa hiyo sehemu ya serikali ni 60 kwa mia ya 31.3, yaani 18.8. Katika 41.1 inayoingia hazina, 18.8 ni mali iliyobadilishwa kuwa fedha na inatakiwa irudi kuwa mali: bandari, skuli, mfuko. 22.3 ndiyo ya kutumia. Namba hii ningependa kila mjumbe wa Baraza la Wawakilishi aione kwenye kitabu cha bajeti, pembeni ya mstari wa mapato.

Timor-Leste iliweka sheria ya mfuko wa petroli 2005, kiwango cha kuchota kikiwa asilimia 3 ya utajiri wa petroli. Kwa miaka mingi imechota zaidi ya hapo, na uwanja wa Bayu-Undan umeacha kuzalisha 2025. Norway ilijiwekea asilimia 4 ya mfuko wake wa mafuta mwaka 2001, ikashusha hadi 3 mwaka 2017 ilipoona matarajio ya faida yameshuka. Hesabu peke yake haizuii mtu kula mtaji, lakini bila hesabu hajui hata kama anaula.

Kisima_Kirefu
Usisahau gharama ya mwisho. Visima vinazibwa kwa saruji, jukwaa linaondolewa, bomba linasafishwa. Tuseme milioni 100 mwaka wa 20. Kwa asilimia 4, =PMT(0.04,20,0,-100) ni milioni 3.4 kila mwaka, na ziada inashuka kutoka 68.5 hadi 65.1. Isipowekwa tangu mwaka wa kwanza, inakuja kuiangukia serikali wakati kisima hakina tena mapato.

Madhara ya hewa ukaa yawekwe mstari wake. Benki ya Dunia huyatoa pia kwenye kipimo chake cha adjusted net savings, lakini ni gharama tofauti na kupungua kwa akiba.

Mdau_Wete
Kwa kuwa gesi hatujaipata, kuna cha kufanyia mazoezi?

Bi_Mizania
Kipo, tena kinatuuma: mchanga wa kujengea. Unguja unachimbwa kuliko unavyojirudisha, na mashimo ya Donge yanaonekana kwa macho. Hatua ni zilezile: akiba, uzalishaji wa mwaka, ziada kwa kila mita ya ujazo, thamani mwanzo na mwisho.

Kosa la kuepuka liko kwenye kipimo. Vibali vinahesabu gari. Mchanga ukichimbuliwa huvimba, mara nyingi asilimia 10 hadi 15, kwa hiyo mita 100 za ujazo kwenye magari ni kama mita 87 hadi 91 shimoni. Ukitoa ujazo wa magari kwenye akiba ya ardhini moja kwa moja, akiba inaisha kwenye karatasi kabla haijaisha Donge. Kinyume chake, gari lisilo na kibali halimo kwenye daftari kabisa. Tiba ya yote mawili ni kupima shimo lenyewe kwa drone mwanzo na mwisho wa mwaka, ukalinganisha na daftari. Punguza kwanza uvimbe kwenye ujazo wa daftari; shimo likizidi hapo, kilichozidi ni mchanga uliotoka bila kuandikwa.

Mchambuzi_Chake
Sawa kabisa. Na kwa gesi, data idaiwe kwenye mkataba, si kwa barua za kuomba baadaye. Kila robo mwaka ZPRA, mdhibiti wa mafuta na gesi Zanzibar, ipate uzalishaji kwa kila kisima, shinikizo, bei ya kila mzigo, gharama za uendeshaji zilizotenganishwa na mrabaha, na mtaji mpya ulioingia. Mara moja kwa mwaka, makadirio ya akiba yaliyokaguliwa na mtu asiye wa kampuni. Na nakala ifike kwa Mtakwimu Mkuu, kwa sababu mdhibiti anazihitaji kwa ukaguzi wa gharama na si kwa hesabu za taifa.

Bi_Mizania
Swali dogo la mwisho: kubadilisha dola kuwa shilingi, tunatumia kiwango cha siku gani?

Mchambuzi_Chake
Mapato, gharama na ziada: wastani wa mwaka. Thamani ya akiba: kiwango cha siku ya kufunga, tarehe 31 Disemba. Fanya hesabu yote ya thamani kwa dola kwanza, kisha ubadilishe mwishoni. Shilingi ikishuka katikati ya mwaka, ongezeko la thamani kwa shilingi liende mstari wa mabadiliko ya thamani.